Nyama ya Baba Inakwenda Wapi

Mfungo Mosi 6, mwaka 1374

Naanza kuandika leo kwa sababu nimeona jambo, na nikilisema kwa mdomo tu wataniambia ni wivu.

Baba yangu, Bwana Abdulhadi, alishikwa na homa katikati ya Ramadhani. Akalazwa hospitali ya serikali, akarudi nyumbani mifupa mitupu. Mapaja yake sasa ni membamba kuliko mikono yangu. Aliyekaa naye hospitali ni mkewe, Mwanaarabu, mwanamke wa Chundwa, kijiji cha ng'ambo, aliyemwoa baada ya mama kufariki. Mimi ni Ruqaya, bintiye, mjane, niliyerudi kukaa katika nyumba hii hapa Amu. Mwanaarabu ni mdogo kwangu. Namwita Bi, naye ananiita Bi, na heshima yetu inaishia hapo.

Leo kaka yangu Shekhan alileta mguu mzima wa mbuzi. Niliupika mwenyewe, nikajaza sahani, nikaifunika kawa, nikampa Mwanaarabu ampelekee baba ndani. Nilipopita mlangoni nikamwona akimlisha vipande viwili vitatu, kisha akasema, "Basi." Baba hakuteta. Sahani ikatoka karibu kama ilivyoingia, ikapanda naye jikoni juu. Nilipopanda mimi haikuwapo.

Mfungo Mosi 7

Nimemuuliza.

"Bi Mwanaarabu, nyama ya jana i wapi?"

"Nimeiweka, Bi Ruqaya. Nyingine alikula alasiri, nyingine baada ya isha, na iliyobaki kaila asubuhi hii."

"Kwa nini hukumwacha akaimaliza palepale ingali moto?"

"Daktari amekataza asipewe yote kwa mara moja. Amesema mwili wake hauwezi kuitumia yote. Kidogo asubuhi, kidogo adhuhuri, kidogo alasiri, kidogo kabla ya kulala."

Daktari gani huyo anayemnyima chakula mtu aliyekonda? Na kama aliyasema hayo, kwa nini hakumwambia Shekhan, mwana mkubwa wa mgonjwa, akaenda kumwambia mwanamke wa Chundwa?

Mfungo Mosi 9

Mvua kutwa. Samaki hakuna.

Mfungo Mosi 11

Ijumaa. Baba amesali nyumbani, amekaa. Shekhan alipita baada ya sala, akamtazama, akaondoka bila kunywa kahawa.

Mfungo Mosi 13

Leo nimesikia baba akilia. Nimekimbia kutoka kiwandani, uani kwetu, nikakuta Mwanaarabu amemshika kwapani, anamtembeza kutoka kitandani mpaka mlangoni na kumrudisha.

"Niwata, mke wangu," baba alikuwa akimwomba amwache. "Sina nguvu yeo."

"Mara moja tena, Bwana. Moja tu."

Nikamwambia, "Bi Mwanaarabu, huyu si punda."

Akamtembeza mara moja tena, akamketisha, akampa maziwa ya mtindi kikombe kidogo. Unamtoa mtu jasho kisha unampa kikombe kidogo! Kama anataka kumwua angechagua njia gani nyingine?

Mfungo Mosi 15

Nimevaa buibui nikaenda hospitali asubuhi kweupe, watu wakinitazama. Nimeambiwa daktari, yule Mgoa, amekwenda Mombasa na hawajui atarudi lini. Dresa aliyebaki hajui lolote kuhusu nyama wala mtindi. "Mimi nafunga vidonda tu, Bi," akasema.

Daktari naye amepata wakati wa kuondoka.

Mfungo Mosi 19

Nimemwona Mwanaarabu kwa macho yangu. Ndugu yake amekuja kutoka Chundwa, hakupita daka, kibaraza cha mlangoni, kuingia ndani. Mwanaarabu akashuka na bakuli lililofungwa kitambaa, akampa, wakanong'ona, akaondoka. Nilipanda juu nikafunua vyungu. Maini aliyoleta Shekhan jana hayapo.

Nilimpelekea Shekhan habari dukani kwake. Hakushangaa.

"Analisha kwao kwa chakula cha baba," alisema. "Na sisi tunaleta. Akifa baba, ana thumuni yake ya urithi katika nyumba, mwenyewe anajua."

"Astaghfirullah, Shekhan."

"Nimesema uongo?"

Sikuweza kumwambia amesema uongo.

Mfungo Mosi 23

Kusi kali. Madirisha yamefungwa. Nyumba nzima inanuka dawa ya kuchua.

Mfungo Pili 3

Baba amesimama leo bila kushikwa. Ameshika ukuta, akaenda mpaka ukumbini akaniita, "Ruqaya, ndoo unione!" Mwanaarabu alikuwa nyuma yake, mikono ameitanguliza kama anayefuata mtoto. Nilifurahi. Kisha nikafikiri: labda Mwanaarabu ametaka nione, ili niache kumchunguza.

Mfungo Pili 5

Mwanaarabu amempa baba yai moja alfajiri. Moja. Kuku wanataga vizuri.

Mfungo Pili 8

Nimekaa muda mrefu na kalamu mkononi.

Shekhan alikuja baada ya alasiri na sinia la pilau, juu yake mbavu za mbuzi. Akaliweka mbele ya baba mwenyewe. Mwanaarabu akachota kidogo kwenye kisahani, na vipande viwili vya nyama, akataka kuliondoa sinia. Shekhan akalishika.

"Liache."

"Bwana Shekhan, atakula tena baadaye."

"Baadaye atakula nani? Yeye, au nduguzo?"

Mwanaarabu akanitazama mimi, si Shekhan. Alijua nimesema. Baba akauliza, "Nduguze wamefanyaje?" Shekhan akasema, "Mwulize Ruqaya."

Baba akanigeukia. Macho yake, mato kama anavyoyaita mwenyewe, yamezama, lakini bado yana ule ukali wa zamani. Nikamweleza niliyoyaona: sahani zinazorudi zimejaa, bakuli lililofungwa kitambaa, maini. Sikuongeza neno. Nataka Mungu anishuhudie kwamba sikuongeza. Lakini sikusema kwamba siku hizi anasimama mwenyewe.

"Ni kweli umempa nduguyo chakula changu?" baba akamwuliza mkewe.

"Nimempa. Mara moja. Lakini Bwana—"

"Na mimi wanishindisha na ndaa nyumbani mwangu?"

Sijamsikia baba akipaza sauti tangu augue. Shekhan akasema polepole, kama anayemtuliza, "Mwanamke asiyekuwa na amani nawe, baba, wa nini?" Na baba akasema, "Mwanaarabu, nimekupa talaka moja."

Hakulia. Akaikunja kanga yake ya kumfutia baba mdomo, akaiweka kitandani. Akaniambia mimi tu, "Asilale kutwa, Bi Ruqaya. Na usimpe yote kwa mara moja." Ndugu yake akamchukua jioni hiyohiyo.

Mfungo Pili 9

Mwalimu Khatib wa msikitini kwetu amekuja kumtazama baba. Aliposikia habari alikunja uso. Akasema mwanamke aliyeachwa talaka ya kurejewa hatolewi nyumbani ndani ya eda yake. Shekhan akasema, "Ameondoka kwa miguu yake." Mwalimu akaiacha kahawa yake nusu kikombe.

Mfungo Pili 10

Sasa jiko ni langu. Adhuhuri nimempa baba nguru wa kukaanga, kitoweo cha mbuzi, wali, mayai mawili. Nimekaa naye mpaka akala karibu nusu. Amelala mpaka magharibi. Ndivyo mgonjwa anavyopaswa kupumzika.

Mfungo Pili 13

Amekula vizuri adhuhuri. Usiku hakutaka kitu, amesema tumbo bado limejaa. Asubuhi kahawa na tende tu.

Mfungo Pili 16

Vilevile.

Mfungo Pili 19

Nimemwita aje ukumbini, amesema kesho.

Mfungo Pili 22

Nimemkosha miguu. Nilipolishika shavu la mguu, kidole changu cha gumba kilikutana na cha kati. Sivyo ilivyokuwa mwezi uliopita. Na chakula kinaingia! Nakitia mwenyewe, kila adhuhuri, sahani ya mtu wa kazi ya shamba. Nyama inaingia kinywani kwa baba, kisha inakwenda wapi?

Nimeanza kuwatazama watu wote. Mchinjaji anayetuuzia: nyama yake ina nini? Maji ya kisima: nani ameyagusa? Bi Hindu, jirani yetu, aliyekuja na visheti juzi: kwa nini alikaa karibu na mtungi? Amenitumia mtu leo kuuliza hali, nami nimejibu kwa kifupi sana.

Mfungo Pili 25

Nimefua mashuka, nimegeuza godoro, nimetazama chini ya kitanda kama kuna kitu kimezikwa au kimefungwa. Hakuna. Nimeona haya, lakini nimetazama.

Shekhan huja kila siku. Anaketi karibu na baba na kuzungumza naye kwa sauti ndogo, nikiingia ananyamaza. Leo nimesikia neno moja kabla hajaniona: "Nyumba."

Mfungo Pili 28

Baba hawezi kusimama.

Mfungo Tatu 4

Daktari amerudi. Nimekwenda kabla watu hawajajaa, nikamkuta anakunywa chai. Kiswahili chake ni cha Mombasa lakini kinasikika. Nilimweleza mimi ni nani. Akatabasamu, akauliza, "Mzee anatembea?"

"Hatembei. Anakula kuliko wote nyumbani lakini anakonda. Nataka unieleze kitu kimoja, Daktari, na unieleze kweli. Ulimwambia mkewe amnyime nyama?"

Tabasamu likaondoka. "Nilimwambia amgawie. Kugawia si kunyima."

"Lakini nyama nyingi si ndiyo nguvu nyingi?"

Akasukuma kikombe pembeni. "Sikiliza, Bi. Mafuta mwili unaweza kuyaweka akiba. Hukuona watu wenye matumbo? Lakini kile kilichomo ndani ya nyama, samaki, mayai, maziwa, kile kinachojenga mwili, hakina ghala. Mwili unachukua unachoweza kukitumia wakati ule. Kinachozidi unakichoma tu kama kuni, kingine kinatoka kwa mkojo. Kesho asubuhi mwili unataka tena. Usipoupa, unakula miguu yake mwenyewe."

"Unakula miguu yake?"

"Unapata wapi pengine? Wewe unampa mara ngapi?"

"Adhuhuri. Sahani kubwa. Usiku hataki."

"Hataki kwa sababu umemshindilia. Kwa hiyo tangu adhuhuri mpaka adhuhuri hana kitu."

"Basi kipimo chake ni kiasi gani kwa mara moja? Niambie nipime."

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mimi nikikupa ratili nitakuwa nakudanganya. Na mzee si sawa na kijana. Kwa baba yako nilikisia kipande kama kiganja chake, mara nne kutwa. Au yai, au mtindi, anachoweza. Na lazima asimame, atembee. Mtu akilala kitandani, hata umlishe ng'ombe, mguu haurudi. Mkewe alinielewa. Alinirudishia maneno yangu yote mpaka nikachoka."

"Kwa nini hukutuambia sisi wanawe?"

"Yeye ndiye aliyekuwa amekaa pale, Bi. Ningemwambia nani?"

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Sikutaka kusalimiwa na mtu.

Mfungo Tatu 5

Nimemweleza Shekhan yote. Amesema, "Huyo Mgoa anajua nini kuhusu watu wetu? Baba anataka kula ashibe." Nilimtazama alivyosema. Hakuwa na hasira. Mtu asiye na hasira juu ya hali ya baba kama hii, nami namjua kwa ukali wake tangu udogo, ana jambo lingine moyoni.

Mfungo Tatu 7

Nampa kidogo kidogo. Kipande cha samaki changu, baadaye yai, baadaye mtindi. Lakini hataki kwa mkono wangu. Nikisema "Kidogo tu, baba," anageuza uso ukutani. Amezoea sasa kuambiwa kwamba kidogo ni kunyimwa. Aliyemwambia ni mimi.

Mfungo Tatu 10

Idi. Naandika huku mikono yangu ikinuka mafuta.

Shekhan amechinja mbuzi wawili kiwandani kwetu. Amemvisha baba kanzu nyeupe, amemketisha na mito, akamwekea sahani ya nyama mbele ya wageni. "Kula, baba, leo ni Idi. Waone una afya." Nilisema asipewe yote. Shekhan akaniambia mbele ya watu, "Ulikuwa unamlalamikia mwanamke wa Chundwa, sasa umekuwa yeye?" Wakacheka. Baba alikula kwa sababu ya wale watu. Nilimwona anavyomeza, kama mtu anayefanya kazi.

Kisha nikaelewa kwa nini afya yake ilitakiwa ionekane. Sahani ilipoondolewa Shekhan akasema, "Baba, lile neno letu. Hawa mabwana wapo, Mwalimu Khatib yupo, washuhudie. Kwamba nyumba hii umenipa hiba."

Baba alikuwa amebadilika rangi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Nyumba…" akasema, na akatapika, juu ya kanzu, juu ya mkeka, nyama ileile karibu nzima kama ilivyoingia.

Wageni wakarudi nyuma. Mimi nikaja mbele. Sijawahi kusimama hivyo mbele ya wanaume, uso wangu nusu wazi.

"Mwalimu," nikasema, "nauliza swali la dini. Mtu aliye katika hali hii, akisema ametoa nyumba, neno lake linasimama?"

"Ruqaya, ingia ndani," Shekhan akasema.

Mwalimu Khatib alikuwa bado anamtazama baba. "Swali lake ni sahihi," akasema. "Mimi sishuhudii kitu leo, Bwana Shekhan. Wala si vyema kumwuliza mgonjwa kitu kama hiki." Akavaa viatu. Wengine wakavaa nyuma yake.

Shekhan alibaki amesimama katikati ya ukumbi. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Kisha naye akaondoka, na mimi na Bi Hindu tukamkosha baba. Ndiyo, Bi Hindu. Alikuja mbio aliposikia kelele, akashika miguu ya baba, mimi nikashika kichwa. Sikumtazama usoni.

Baba alipotulia alisema jina moja, na halikuwa langu.

Mfungo Tatu 13

Nimekwenda Chundwa. Bi Hindu amekaa na baba. Mashua ilipita mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamejaa, mpaka bandari ya Mtangawanda, kisha punda. Nimetapika njia nzima, nadhani nilistahili.

Mwanaarabu alikuwa anatwanga mtama nyuma ya nyumba ya mama yake. Aliniona, akaendelea. Mama yake, kizee asiye na jino hata moja, amekaa kwenye kivuli cha ukuta, akanikaribisha bila kujua mimi ni nani.

"Amekufa?" Mwanaarabu akauliza.

"Hajafa."

Ndipo akauweka mchi chini.

Nikamweleza daktari alivyosema, na Idi ilivyokuwa. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Na lile bakuli?" nikauliza. Sikukusudia kuuliza. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na bado mdomo wangu ulitoka na hilo.

Akacheka kwa pumzi tu. "Bakuli nilimpa ndugu yangu amletee huyu," akamwonyesha mama yake. "Maini yalikuwa yamelala, yameanza kunuka, singempa mgonjwa. Nilimchemshia huyu akanywa supu. Hilo ni kweli, nililifanya, na ningelifanya tena. Ulitaka niyatupe baharini?"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia mambo mangapi, Bi Ruqaya? Uliamini lipi?"

Nikaketi kivulini karibu na kizee.

"Eda yako?" nikauliza baadaye.

"Haijaisha. Aweza kunirejea kwa neno moja, akitaka hata mimi nisipotaka. Lakini miguu ni yangu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nitarudi ukimwambia baba yako—" akajikwaa, akasema upya, "ukimwambia mume wangu, mbele ya Mwalimu na mbele ya kaka yako, kwamba alikuwa anasimama kabla sijaondoka. Uliona. Ulinyamaza. Sema hilo tu, mengine ni yako na Mola wako."

Kumbe alijua kwamba nililiruka neno hilo. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu ninayewachunguza watu katika nyumba ile.

Mfungo Tatu 15

Nimesema. Mwalimu Khatib alikuwapo. Shekhan aliitwa, akasimama mlangoni hakuketi. Nilisema kwa sauti ambayo hata jikoni juu ingesikika. Baba akanitazama, kisha akasema, "Mwanaarabu, nimekurejea," na Mwalimu akasema alhamdulillahi, na Shekhan akashuka ngazi.

Mfungo Tatu 17

Mwanaarabu amerudi jana. Kipande asubuhi, kipande adhuhuri, mtindi alasiri, yai usiku. Baba analalamika kama zamani. "Wanitesa, mke wangu." Anasimama.

Mfungo Tatu 18

Shekhan hajaja. Ametuma nyama. Nimeitazama sana kabla sijaiweka chunguni.

Mfungo Tatu 22

Ijumaa. Baba amekwenda msikitini kwa miguu, ameshikwa mkono na Mwalimu Khatib, na wakapumzika kwenye kila daka la njiani. Mwanaarabu alimtazama kutoka dirishani mpaka akapotea kwenye kona.

Mwanaarabu sasa haniruhusu kumpikia. Hajasema, lakini jiko la juu ana ufunguo wake. Leo ameshikwa na kichwa, akalala ufunguo ukiwa mlangoni, nami nikapata nafasi. Nilichemsha yai, nikachoma kipande cha changu kisichozidi kiganja, nikashuka na sahani.

Alikuwa ameshaamka. Alisimama mlangoni kwa baba, hakunipisha. Akaitazama sahani.

"Kuna nini humu?"

"Yai na samaki."

"Na nini tena?"

Nilikuwa na majibu mengi, na yote ni ya mtu aliyedhulumiwa. Nikayameza. Nikamega samaki, nikala mbele yake. Nikamega yai, nikala. Alingoja mpaka akaona koo langu linateremsha.

Kisha akaipokea sahani, akaingia, akaurudisha mlango.

Nikamsikia baba akiuliza ni nani aliyepika.

"Bi Ruqaya," alisema Mwanaarabu. Kisha akamwambia, "Kula."